Mipaka ya Maji na Haki za Wenye Ardhi Kandokando Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mpaka wa ukuta au wa bikoni (alama ya mpima iliyosimikwa ardhini) hukaa pale ulipowekwa. Mpaka wa mto, ziwa au bahari unaweza kuhama bila mtu kuugusa, na sheria wakati mwingine huufuata, wakati mwingine hukataa. Maswali yaliyo hapa ni yale ambayo wapima ardhi huulizwa tena na tena. Majibu yanaeleza kanuni za jumla, nyingi zikiwa zimetoka katika sheria ya Kirumi na katika hukumu za mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza. Sheria ya nchi yako inaweza kuzibadili, kwa hiyo isome kabla hujamshtaki jirani.

## Mambo ya msingi

1. Hati yangu inasema shamba "linaishia mtoni". Mtoni wapi hasa: ukingoni au katikati?

Kwa mto usioguswa na maji kupwa na kujaa, mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza huanza na dhana kwamba shamba linafika katikati ya mto, na jirani wa ng'ambo naye vivyo hivyo. Hiyo ni dhana tu, na huanguka mara mbili. Huanguka maneno ya hati yanaposema vingine: "hadi mtoni" na "kufuata gema la mto" si maneno yenye uzito mmoja. Huanguka pia pale sheria inapoiweka sakafu ya mto mikononi mwa umma. Nchini Marekani, kwa mfano, sakafu ya mto unaopitika kwa vyombo kwa kawaida ni ya jimbo, na mwenye shamba huishia ukingoni.

Katikati yenyewe haitafutwi kwa macho. Mpima huchukua kingo zote mbili zilivyo maji yakiwa katika kimo cha kawaida, kisha huchora mstari ambao kila nukta yake iko mbali sawa na kingo hizo. Mstari wa kina kikubwa ni kitu kingine kabisa (swali la 17).

2. Bikoni zangu ziko mita kadhaa kutoka majini. Kipande kilichobaki ni cha nani?

Mara nyingi ni chako. Hakuna mpima mwenye akili anayesimika bikoni mahali itakapozolewa na mvua za kwanza. Huiweka nyuma, kwenye ardhi ngumu, kama alama ya rejea, na mpaka wa pembeni unaipita na kuendelea hadi majini. Angalia ramani ya upimaji: kama mstari unaounganisha bikoni hizo umechorwa kwa nukta na mto umechorwa mbele yake kama mpaka, jibu limepatikana.

Wapimaji wa ardhi za umma nchini Marekani walifanya hivyohivyo katika karne ya 19. Walipima mistari iliyonyooka kufuata mapindo ya mto ili wapate eneo la kuuza, na mahakama zikashikilia kwamba kwa kawaida mpaka ni maji yenyewe, mistari ile ilikuwa ya hesabu tu. Tahadhari ni moja: ikiwa ramani inaonyesha ukanda wa hifadhi kati ya bikoni na maji, bikoni ndio mwisho wako (swali la 16).

3. Hati inasema mita 120 hadi mtoni, lakini mimi nimepima 134. Kipi kinashika?

Kwa kawaida mto. Alama ya asili iliyotajwa kwenye hati hushinda umbali ulioandikwa, kwa sababu muuzaji na mnunuzi waliuona mto kwa macho yao, ilhali namba zilitoka kwenye mnyororo wa kupimia uliovutwa porini. Lakini kama hati haitaji mto kabisa, imetaja bikoni nne na majiranukta yake (namba zinazoonyesha mahali zilipo) basi, mpaka ni mstari wa kudumu. Maji yakisogea mbali au yakija mlangoni, mstari huo hausogei nayo. Kila jibu la sehemu inayofuata linahusu mpaka ambao hati au sheria imeufunga kwenye maji.

4. Nikiwa na ardhi inayogusa maji, nina haki gani za ziada?

Kuyafikia maji kutoka kwenye ardhi yako. Kuyatumia kwa kiasi cha haki, bila kumkatia mtu wa chini. Kupokea mkondo bila kuchafuliwa na wa juu. Na haki ambayo wengi huisahau mpaka siku ya ugomvi: kupata ardhi mpya inayojengeka taratibu mbele yako.

Haki hizi hufuata kugusana na maji. Ukikata kipande cha mbele ukakiuza, kipande cha nyuma kinabaki shamba la kawaida, hata kama unaona maji kutoka barazani. Tena matumizi ya maji yenyewe yameondolewa kwenye mfumo huu katika nchi nyingi. Afrika Kusini iliachana nao kwa sheria ya maji ya 1998, na sasa anayetaka kuvuta maji kwa ajili ya kilimo kikubwa hutafuta kibali kama mtu mwingine yeyote. Usichanganye mambo mawili: kibali kinakupa maji, hakikupi mpaka.

## Maji yanapohama

5. Mto umesogea. Je, mpaka umesogea nao?

Swali la kujiuliza kwanza ni umefikaje hapo ulipo. Ukisogea taratibu, kwa kula upande mmoja na kujaza upande mwingine, mpaka unaufuata: mmoja anapata, mwingine anapoteza, na hakuna fidia. Ukihama ghafla na kujichimbia njia mpya, mpaka unabaki kwenye njia ya zamani, hata kama ile imekauka na kuota nyasi.

Kanuni hii imo katika vitabu vya sheria vya mfalme Justinian wa karne ya 6, na haijabadilika sana. Maana yake ni ya kiutendaji. Mabadiliko madogo ya kila mwaka hayapimiki, na kumtenga mtu na mto wake kwa utepe wa udongo wa hatua mbili kungezaa kesi zisizoisha. Mabadiliko ya ghafla, kwa upande mwingine, huacha alama. Njia ya zamani inaonekana, na kumnyang'anya mtu ekari hamsini kwa sababu ya usiku mmoja wa mvua ni dhuluma.

6. "Taratibu" maana yake nini? Mto wetu hula mita nyingi kila masika.

Kipimo kinachotumika sana kilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1874: mashahidi wanaweza kuona baada ya muda kwamba mabadiliko yametokea, lakini hawawezi kuyaona yakitokea. Kwa hiyo kasi peke yake haitoshi kuuita uhamaji wa ghafla. Mto Missouri una kingo za mchanga zinazomeguka vipandevipande vikubwa, na mwaka 1892 mahakama hiyohiyo, katika shauri la majimbo ya Nebraska na Iowa, ilisema hata mmeguko wa namna hiyo unahesabika kuwa wa taratibu ikiwa udongo unayeyuka majini na kujijenga chembe kwa chembe upande wa pili.

Wala si lazima maji ndiyo yalete udongo. Katika kesi ya Australia Kusini iliyoamuliwa kwa rufaa London mwaka 1982, mchanga uliopeperushwa na upepo hadi ukingoni mwa ziwa ulikubaliwa kuwa nyongeza halali ya mwenye ardhi.

7. Mafuriko yalikata kona ya mto na kipande changu sasa kiko ng'ambo. Nimekipoteza?

Hapana, kipande bado ni chako. Shauri lile la Nebraska na Iowa lina mfano mzuri. Mwaka 1877 mto Missouri ulikata shingo ya pindo lake na kuacha dimbwi la umbo la upinde. Mahakama ilisema mpaka wa majimbo umebaki kwenye pindo la zamani. Ndiyo maana mji mdogo wa Carter Lake hadi leo ni wa Iowa ingawa uko upande wa mto walio watu wa Nebraska.

Kukimiliki na kukifikia ni mambo mawili, hata hivyo. Huenda ukahitaji njia kupitia kwa jirani mpya, na sheria chache huitoa bure. Baadhi ya nchi humpa mwenye ardhi muda maalumu wa kurudisha mto kwenye njia yake au kudai kipande kilichotengwa, na muda huo ukipita haki inalala. Usingoje.

8. Mto ulihama zamani na hakuna aliyeandika. Tunathibitishaje kama ilikuwa taratibu au ghafla?

Hapa ndipo kazi ya mpima inapofanana na ya mpelelezi. Mahakama nyingi huanza na dhana kwamba mabadiliko yalikuwa ya taratibu, kwa hiyo anayedai uhamaji wa ghafla ndiye anayebeba mzigo wa ushahidi.

Ardhi yenyewe hutunza kumbukumbu. Mto unaosogea taratibu huacha nyuma yake matuta ya mchanga yaliyopangana kwa mikunjo, na miti yake hupungua umri kadiri unavyokaribia maji. Ukiruka, unaacha katikati kisiwa cha ardhi ya zamani: udongo uliokomaa, miti mizee kuliko tukio lenyewe, pengine hata misingi ya nyumba au makaburi. Mti mzee uliosimama kati ya njia mbili za mto una nguvu kuliko kiapo cha mtu. Toboa udongo pia. Tabaka za mashapo mapya juu ya mchanga wa mtoni husema jambo moja, na udongo mwekundu usiowahi kuguswa na mto husema jingine.

Kisha fuata karatasi: ramani za upimaji wa kwanza, daftari za uwandani (zina maelezo ambayo ramani iliyachuja), picha za anga za miaka tofauti, picha za setilaiti. Mpango wa Landsat umekuwa ukipiga picha za dunia tangu 1972, na kwa mto mpana hizo zinatosha kuonyesha mwaka wa tukio. Wazee wa mahali waulizwe mmojammoja, kila mmoja peke yake na papo hapo ukingoni. Ukiwakusanya chini ya mti mmoja utapata hadithi moja, ya yule mwenye sauti kubwa.

9. Nimejaza kifusi mbele ya kiwanja changu. Sehemu iliyoongezeka ni yangu?

Hapana. Nyongeza ya kujitengenezea haihamishi mpaka, na kifusi hicho kinaweza kuwa kimekaa juu ya mali ya umma. Ikiwa mchanga umejikusanya mbele yako kwa sababu mtu mwingine alijenga gati au ukuta, mahakama nyingi hukupa nyongeza hiyo mradi wewe hukushiriki. Serikali ikimwaga mchanga kurudisha ufukwe ulioliwa, jibu hugeuka. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka Florida, kwamba ukanda mpya uliojengwa namna hiyo unaweza kubaki mali ya jimbo bila wenye nyumba kulipwa.

10. Mto umekula nusu ya shamba. Hati yangu bado inaonyesha ekari zote.

Hati haiwezi kushindana na maji yaliyokula taratibu. Eneo lililoandikwa lilikuwa la siku ya upimaji. Ardhi ikiibuka tena hapohapo baadaye, nchi hutofautiana: nyingine humrudishia mwenyewe wa zamani akithibitisha mipaka yake, nyingine humpa yule ambaye maji yalikuwa yamemfikia.

11. Kumeota kisiwa katikati ya mto. Ni cha nani?

Cha mwenye sakafu. Sakafu ikiwa ya umma, kisiwa ni cha umma. Ikiwa ya wenye mashamba, kisiwa kikilala upande mmoja wa mstari wa kati ni cha wa upande huo, na kikikaa juu ya mstari wanakigawana hapohapo unapopita. Lakini uchunguzi uanze na hili: je, kimeota kweli kutoka chini, au ni kipande cha shamba kilichozungukwa na mkondo mpya? Cha namna ya pili hakibadilishi mmiliki (swali la 7).

12. Ardhi mpya imejengeka mbele ya viwanja vitatu. Tunaigawaje?

Kosa la kawaida ni kurefusha mistari ya pembeni hadi ikutane na maji. Ukingo ukiwa umepinda, mistari hiyo hukatana au hutawanyika, na mtu wa katikati anajikuta na pembetatu isiyogusa maji kabisa.

Njia inayotumika sana ni ya uwiano. Chukua ukingo wa zamani wa mita 300, ambapo A alikuwa na mita 100, B mita 50 na C mita 150. Kama ukingo mpya una mita 240, A anapata 80, B 40 na C 120. Weka alama hizo kwenye ukingo mpya, kisha unganisha na ncha za mipaka ya zamani. Kila mmoja ametunza sehemu yake ya maji. Kwa mto ulionyooka, mistari ya pembemraba kutoka mstari wa kati hadi kwenye ncha za mipaka ya zamani hutoa jibu linalokaribiana na hilo kwa kazi ndogo zaidi.

## Bahari

13. "Mstari wa maji kujaa" ni upi, wakati maji hujaa tofauti kila siku?

Ni wastani. Mwaka 1854, katika kesi ya Attorney-General v Chambers, mahakama ya Uingereza ilikataa kilele cha bamvua (maji yanapojaa sana), ikakataa pia maji mafu (yanapojaa kidogo), ikachukua wastani wa maji kujaa kati ya hayo mawili. Warumi walikuwa wamechukua mahali pa mbali zaidi panapofikiwa na wimbi la majira ya baridi. Katika majimbo ya Massachusetts na Maine, Marekani, mipaka binafsi hushuka mpaka maji ya kupwa. Kabla ya kupima, jua sheria yako inataka mstari gani.

Wastani huo si wa wiki moja. Njia ya mwezi ina mzunguko wa miaka 18.6 unaobadilisha kimo cha maji, ndiyo maana vituo vya kupimia bahari hutumia kumbukumbu za miaka 19.

14. Je, naweza kuupata mstari huo kwa simu, au kwa kifaa cha setilaiti?

Kwa simu, hapana. Kifaa cha kitaalamu kinaweza, lakini mtego uko kwenye kimo. Setilaiti hutoa kimo juu ya umbo la kihesabu la dunia, wala hazijui bahari yako hujaa mpaka wapi. Lazima kimo hicho kiunganishwe na alama ya kituo cha kupima maji, kisha mpima atembee ufukweni akitafuta kimo hicho kwenye mchanga.

Ufukwe wenye mteremko wa 1 kwa 50 hugeuza kosa la sentimita 10 za kimo kuwa mita 5 za ardhi. Kwa 1 kwa 100 ni mita 10. Yeyote anayekuonyesha mpaka wa bahari wenye usahihi wa sentimita mbili kwenye ufukwe tambarare, muulize kimo chake alikitoa wapi.

15. Hatuna kituo cha kupima maji karibu. Mimea inaweza kutumika?

Kwa mito na maziwa, ndiyo, na mara nyingi ndiyo ushahidi bora: mahali mimea ya nchi kavu inapoanza, udongo unapobadilika rangi, takataka za mafuriko zinapoishia, gema linapokatika. Baharini kuwa mwangalifu. Mikoko huota kati ya kupwa na kujaa, hivyo ukingo wake wa nje haukuambii mstari wa maji kujaa uko wapi. Usipime siku moja baada ya dhoruba.

## Hali za pembeni

16. Nimeambiwa siwezi kujenga ndani ya mita 60 za mto. Kwa hiyo mita hizo si zangu?

Haya ni mambo mawili ambayo hata maofisa huyachanganya. Mpaka husema ardhi ni ya nani. Ukanda wa hifadhi husema nini hakiruhusiwi kufanywa humo. Nchini Tanzania, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za bahari, ziwa, mto au bwawa. Kenya kanuni za maji zimetumia ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande. Ukanda unaweza kulala juu ya ardhi yako nawe ukaendelea kuwa mwenye hati, mikono imefungwa. Na mpaka ukisogea taratibu, ukanda nao unasogea, pengine hadi chini ya jiko lako.

17. Kwa nini mipaka ya nchi hufuata kina kikubwa badala ya katikati?

Kwa sababu ya vyombo: ili kila nchi iweze kupita kwenye njia yenye kina. Mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliipa Botswana kisiwa cha Kasikili, au Sedudu, katika mto Chobe, baada ya kuamua kwamba mkondo mkuu ni wa kaskazini na mpaka unafuata mstari wa vina vikubwa humo. Kanuni ya taratibu na ghafla inafanya kazi hapa pia. Mto Rio Grande ulisogea kati ya El Paso (Marekani) na Ciudad Juárez (Mexico) katika miaka ya 1850 na 1860, na mgogoro wa Chamizal uliozaliwa humo haukuisha kwa hukumu ya 1911. Uliisha kwa mkataba wa 1963, na mto ukajengewa mfereji wa zege usihame tena.

18. Ziwa limepanda na kufunika kiwanja. Je, nimepoteza ardhi?

Mafuriko ya muda hayahamishi mpaka. Tatizo ni kujua muda ni upi. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na waliodhani ni mafuriko ya msimu walingoja miaka. Fanya mambo mawili mapema: pima bikoni zako kabla hazijazama, na weka kumbukumbu ya kimo cha maji yenye tarehe. Ikiwa maji yamepandishwa na bwawa lililojengwa, mpaka kwa kawaida unabaki kwenye ukingo wa zamani chini ya maji, na aliyejenga anapaswa kuwa amenunua ardhi au haki ya kuifurikisha.

19. Mimi na jirani tumechoka. Tunaweza kukubaliana mpaka uwe mstari wa kudumu?

Mkiwa wenye ardhi wote wawili, na sakafu si ya umma, ndiyo. Mpima huweka bikoni juu ya ardhi ngumu, mkataba huandikwa, husainiwa na kusajiliwa pamoja na ramani mpya. Mkopeshaji anayeshikilia hati ya mmoja wenu lazima aridhie. Mwanasheria aeleze waziwazi mnachokiacha: mstari ukishakuwa wa kudumu, mto ukihamia upande wa jirani, yeye anabaki na maji yote na wewe unapoteza haki ya kuyafikia, isipokuwa mkataba wenyewe umekutengea njia. Njia hiyo ichorwe kwenye ramani, ipewe upana kwa mita, na iseme inaishia majini popote maji yatakapokuwa.